Wafu na Madai Yao

Usiku wa tarehe 9 Mei, giza lilipokuwa limekwisha kukolea, mbwa wamenyamaza na ndege wa kila namna wamelala, mzee wa nyumba ya Kirumi aliyeshika mila za wahenga wake aliondoka kitandani peku, maana ada ya usiku ule haikuruhusu fundo la aina yoyote miguuni, akatembea polepole katika vyumba vya nyumba yake mwenyewe mfano wa mgeni, kidole gumba amekipenyeza katikati ya vidole vilivyofumbwa, iwe kinga yake asije akakabiliana na kivuli uso kwa uso. Alinawa mikono kwa maji safi ya chemchemi. Kisha aligeuka, akatwaa maharage meusi, akayatupa nyuma yake bila kutazama yanakoangukia, na huku akiyatupa alitamka kwamba kwa maharage yale anajikomboa yeye na watu wake. Mara tisa alisema hivyo, na mara zote tisa hakuangalia nyuma, kwa kuwa nyuma yake, kwa itikadi ya Warumi, kivuli kilikuwa kikimfuata na kuokota. Alipomaliza alinawa tena, akagonganisha vyombo vya shaba vikalia, akawataka wazee wake waliokufa watoke nyumbani mwake, mara tisa nyingine. Ndipo alipogeuka, akahesabu kuwa ada imetimia sawasawa, akarudi kulala.

Sikukuu hii iliitwa Lemuria, na ilikuwa na siku tatu, tarehe 9, 11 na 13 Mei, siku za katikati zikirukwa, kwa sababu Warumi waliona heri katika tarehe za witiri kuliko katika zile za shufwa. Katika mwezi huo mzima watu waangalifu hawakuoza binti zao. Habari zake hatukuzipata kwa kuhani wala kwa mwanasheria, bali kwa mshairi, Ovidius, mzaliwa wa mji wa Sulmo mwaka 43 kabla ya Kristo, ambaye katika utenzi wake uitwao Fasti alikusudia kuzieleza sikukuu za Roma mwezi baada ya mwezi, akafika Juni tu, kisha kaisari Augusto akamhamishia Tomis, ukingoni mwa Bahari Nyeusi, asirudi tena. Ovidius anasema kuwa asili ya jina Lemuria ni Remuria, yaani siku ya Remus, yule ndugu wa Romulus aliyeuawa wakati kuta za kwanza za mji zikipanda, ambaye baada ya maziko yake kivuli chake chenye damu kilimjia usiku mlezi wake Faustulus pamoja na mkewe Acca, kikaomba kiwekewe siku katika mwaka. Wajuzi wa lugha hawaikubali asili hiyo ya neno, nami siwalaumu. Walakini hekaya yenyewe ina maana kubwa kuliko sarufi yake, kwani inamwonyesha mfu wa kale kabisa wa mji ule akirejea kwa walio hai, naye haji kulipiza kisasi wala kutia watu hofu kwa furaha ya kuwatia hofu. Anakuja kudai.

Neno hilo, kudai, ndilo nitakalolishika katika sura hii yote. Waandishi wengi wamezoea kuyaeleza mambo haya kama mkusanyiko wa hofu za watu wa kale waliotetemeka kila upepo ulipovuma penye mvinje wa makaburini. Lakini ukiyafuata mambo ya Warumi wenyewe, katika kalenda yao, katika mahakama zao, katika makaburi yao na hata katika hesabu za vyama vyao, utaona hofu imekaa pembeni, na katikati pamekaa kitu kingine kilichozoeleka zaidi na pengine kisichopendeza zaidi, nacho ni deni. Mzee yule wa usiku wa manane hakusema kuwa anawafukuza wafu kwa maharage, alisema anajikomboa. Hayo ni maneno ya sokoni, tena ya mtu aliyewekwa rehani.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa lugha yake ina neno mzimu, ambalo maana yake si kiumbe cha kutisha tu, bali ni roho ya mzee aliyekufa iliyobaki na haki yake juu ya jamaa, haki ya kukumbukwa na kutambikiwa, na ambayo ikisahauliwa huweza kuikumbusha nyumba kwa maradhi. Kwa neno hilo wale walioitwa na Warumi Manes wanafasirika vizuri kuliko kwa neno pepo au jini, maana pepo na jini hawakuzaliwa na mtu. Jina Manes lilikuwa la wengi daima, halina umoja. Hata aliyekufa peke yake, akazikwa peke yake, aliitwa kwa wingi, kana kwamba mtu akivuka ng’ambo ile huungana na kundi asitambulike tena mmoja mmoja. Na kwa asili, kama wanazuoni wengi waonavyo, jina hilo ni la sifa, latokana na neno la Kilatini cha zamani lenye maana ya wema: nao ndio mtindo wa binadamu, akikiogopa kitu hukipa lakabu nzuri. Tangu karne ya kwanza baada ya Kristo herufi mbili, D na M, zikiwa kifupi cha maneno ya kuwawekea wakfu miungu Manes, zilichongwa juu ya mawe ya makaburi maelfu kwa maelfu, kutoka Uingereza yenye ukungu hadi Afrika ya Kaskazini.

Kando ya Manes walikuwako lemures na larvae, na kujua tofauti yao kumewasumbua watu tangu zamani. Apuleius, mwenyeji wa Madauros katika nchi tunayoiita leo Algeria, mwanafalsafa na msimulizi wa karne ya 2, aliipanga tofauti hiyo kwa utaratibu mzuri: roho ya mtu ikitoka mwilini huitwa lemur; ikiwa ni ya mtu mwema, ikakaa kwa upole kuwalinda wazao wake, ni lar; ikiwa ni ya mtu mwovu, ikahukumiwa kutangatanga bila makao, ni larva; na hali yake isipojulikana, basi kwa taadhima yaitwa Manes. Mpango huo ni mzuri mno, na uzuri wake ndio unaonitia shaka. Watu wa kawaida hawasemi hivyo. Katika ada ile ile ya Mei, mzee wa nyumba aliwataja hao aliowatoa nje kwa jina la Manes wa baba zake, si kwa jina la waovu wasio na kwao. Waliotolewa mlangoni mwezi wa Mei ndio wale wale waliopelekewa chakula makaburini mwezi wa Februari. Kwa hiyo aliyebadilika si mfu; kilichobadilika ni hesabu baina yake na walio hai.

Mwezi wa Februari ndio uliokuwa mwezi wa malipo. Kuanzia tarehe 13 hadi tarehe 21 ziliendelea siku za Parentalia, yaani siku za wazazi, ambazo ndani yake mahekalu yalifungwa milango, madhabahu yalikosa moto na ubani, harusi hazikufungwa, na mahakimu walivua alama za vyeo vyao, wakatembea kama raia wengine. Jamaa walitoka nje ya mji kwenda makaburini, wala hawakubeba mali nyingi. Ovidius anayataja yaliyotosha: kigae kilichopambwa kwa mashada ya maua, nafaka kidogo, punje za chumvi, mkate uliolowekwa katika divai, na maua ya urujuani yaliyotawanywa. Wafu, asema, wataka kidogo, na moyo wa uchaji huwapendeza kuliko kitu cha thamani. Hapo pana jambo la kuangaliwa. Deni lenyewe lilikuwa dogo, hata maskini aliliweza, na kwa sababu hiyo hiyo asiyelilipa hakuwa na udhuru. Mshairi huyo anasimulia, huku akikiri kuwa haamini sana, kwamba zamani, katika vita virefu, watu waliziacha siku za wazazi, na ghadhabu ikashuka mara: mioto ya kuchomea maiti ikawaka nje ya mji usiku na mchana, na wazee wakatoka makaburini wakilia katika njia za mji na mashamba, kundi tupu lisilo na sura, hata ada ziliporudishwa ndipo vifo na vilio vikakoma.

Siku ya mwisho, tarehe 21, iliitwa Feralia, na ndiyo iliyokuwa ya hadhara kuliko nyingine. Mahali hapo Ovidius anaingiza kisa ambacho sijui kama kilihitajiwa na mada yake, ila namshukuru kwa kukihifadhi. Bikizee mmoja ameketi katikati ya wasichana, anafanya ada ya Tacita, mungu wa kike wa kimya: anaweka chembe tatu za ubani chini ya kizingiti kwa vidole vitatu, hapo panya alipojichimbia njia yake ya siri, anafunga nyuzi na risasi nyeusi, anageuzageuza maharage saba meusi kinywani, kisha anachukua kichwa cha samaki mdogo, anakipaka lami, anakishona mdomo kwa sindano ya shaba, anakichoma, anakinyunyizia divai, na divai iliyobaki anaimaliza yeye na wasichana wake, sehemu kubwa yeye. Akiondoka anasema kwamba wamefunga ndimi za maadui. Naye aondoka amelewa. Nadhani mshairi alimwona bibi huyo kwa macho.

Na siku ya pili yake, tarehe 22, walipokwisha kutoka kwa waliokufa, jamaa walikutana karamuni katika Caristia, wakahesabiana nani bado yu hai katika ukoo, wakaweka sahani ya chakula mbele ya lares walinzi wa nyumba. Na mtu mwenye ugomvi na nduguye alitakiwa autupe siku hiyo au asije kabisa.

Hayo ni ya kalenda, na kalenda pekee haithibitishi deni, kwani hata furaha ina siku zake. Uthibitisho uko kwa wanasheria. Cicero, katika kitabu chake juu ya sheria, anaeleza kanuni iliyoshikwa na makuhani wakuu, kwamba ada za mfu zifuatane na mali yake: alipokwenda ng’ombe, ndipo iendapo fardhi. Wa kwanza kuwajibika ni warithi. Baada yao ni yule aliyepata, kwa usia au kwa zawadi ya mauti, sawa na walivyopata warithi wote pamoja. Ikiwa hapana mrithi, awajibika aliyeishika sehemu kubwa ya mali ile hata ikawa milki yake. Kama huyo naye hayuko, basi ni mdai wa marehemu aliyejilipia zaidi kuliko wadai wengine. Na mwisho kabisa, wote hao wasipokuwako, sheria ilimfuata mtu ambaye alikuwa na deni kwa marehemu na hakumlipa mtu yeyote, ikamhesabu kama aliyerithi fedha zile. Yeye ndiye atakayepeleka mkate na divai kaburini. Sijui kama sheria ya taifa jingine imewahi kumgeuza mdaiwa aliyejificha kuwa mwana wa mfu, amtambikie mtu ambaye uhai wake wote alimkimbia.

Penye sheria hapakosi wakwepaji, na hapa wakwepaji walikuwa ndio waalimu. Cicero alikasirishwa na akina Mucius Scaevola, baba na mwana, ambao walikuwa makuhani wakuu na pia mafakihi wa sheria ya raia, kwa kuwa kwa elimu ya upande wa pili walibomoa walichokijenga kwa elimu ya upande wa kwanza. Hila yao ilikuwa nyepesi: mwenye kuusiwa mali apunguziwe kiasi kidogo tu, sesterti 100, ili fungu lake lisilingane na la warithi, naye aepukane na fardhi. Kulikuwa na hila ya ajabu zaidi, ambayo Cicero aliifanyia mzaha mbele ya mahakama mwaka 63 kabla ya Kristo alipokuwa akimtetea Murena: mwanamke mwenye mali na mzigo wa ada za ukoo aliolewa kwa mkataba na mzee asiye na kitu, si kwa unyumba bali kwa karatasi, ili ada zihamie kwa mzee huyo, na mzee akifa zife pamoja naye. Walikuwako wazee waliofaa kwa kazi hiyo. Nami nikiyasoma haya husadiki zaidi kuliko niyasomapo maneno ya washairi, maana mtu hamlipi mwanasheria amkwepeshe kitu ambacho hakiamini. Hila yenyewe ni ushahidi wa uzito wa deni. Hata katika tamthilia za kuchekesha za Plautus, zaidi ya karne moja kabla ya hapo, mtu aliyepata kitu kizuri kisicho na taabu alikiita mirathi isiyo na ada, na watazamaji wakacheka, kwa kuwa kila mmoja wao alijua jinsi kitu hicho kilivyo adimu.

Mdai alikaa nje ya mji. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili, iliyoandikwa katikati ya karne ya 5 kabla ya Kristo, ilikataza maiti kuzikwa au kuchomwa ndani ya Roma, na kwa ajili hiyo makaburi yalijipanga kando ya barabara, kama ile ya Via Appia iliyoanza kujengwa mwaka 312 kabla ya Kristo, hata msafiri aliyekaribia mji alipokewa na waliokufa kabla ya walio hai. Mawe yao hayakunyamaza. Yalimwita mpita njia asimame, asome jina, atamke neno la kumtakia mfu udongo mwepesi. Na mtu akisoma, jina limetajwa, na sehemu ya deni imelipwa na mtu ambaye hakuwa hata jamaa.

Anayetaka kuona malipo yenyewe aende Isola Sacra, baina ya Ostia na Portus, bandari za Roma, ambapo Guido Calza alichimbua katika miaka ya 1920 na 1930 mtaa mzima wa makaburi ya matofali. Wenye uwezo walijijengea vyumba, na mbele ya milango ya baadhi ya vyumba hivyo pamejengwa vitanda vya mawe vya kulalia wakati wa kula, kwa maana jamaa walikula pale pale, pamoja na mwenyeji wao. Wasio na uwezo walilala katikati ya vyumba vya matajiri, chini ya mchanga, na alama yao ni shingo ya mtungi wa udongo iliyochomoza juu ya ardhi. Mtungi huo haukuwa pambo. Ulikuwa mfereji: divai ilimiminwa juu, ikashuka hadi kwenye majivu au mifupa. Katika makaburi ya wenye nafasi mifereji hiyo ilikuwa bomba la risasi au la udongo lililojengewa humo tangu mwanzo, kama fundi wa leo anavyoacha tundu la maji katika ukuta. Sijaona kitu kinachoeleza itikadi ya watu kwa ukamilifu kuliko shingo ile ya mtungi, ambayo haina nakshi wala jina, na bado yasema kila kitu: chini kuna mtu, na mtu huyo ana kiu.

Lakini je, yule asiye na mtoto, mtumwa, aliyeachwa huru juzi, mgeni mjini, nani atammiminia? Hapo ndipo walipobuni chama. Huko Lanuvium, kusini ya Roma, lilipatikana mwaka 1816 jiwe lenye kanuni za chama kimoja cha maziko cha mwaka 136 baada ya Kristo, zama za kaisari Hadrian, chini ya ulinzi wa mungu Diana na wa Antinous, kijana kipenzi cha kaisari aliyekufa maji katika mto Nile na kufanywa mungu. Anayeingia alitoa sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri, kisha kila mwezi asi 5, sarafu ndogo za shaba ambazo nne zake ni sesterti moja. Akifa, chama kilitoa sesterti 300 za mazishi yake, na katika hizo 50 ziligawanywa penye moto kwa wanachama waliosindikiza. Nimejaribu kuipiga hesabu: mchango wa mwaka ulikuwa sesterti 15, basi mtu alipaswa kuishi zaidi ya miaka 13 chamani ndipo fedha zake, pamoja na kiingilio, zifikie kile atakachotolewa. Aliyewahi kufa alisaidiwa na aliyechelewa. Aliyelimbikiza miezi bila kulipa hakuwa na haki. Aliyejiua, kwa sababu yoyote, hakuwa na haki. Na mtumwa mwanachama akifa, bwana wake kwa ukatili akakataa kutoa maiti, wenzake walimfanyia mazishi kwa sanamu yake. Bwana aliumiliki mwili hai na mwili mfu, lakini kile alichodai mfu kwa wenzake hakukimiliki. Kanuni hiyo waliitunga watu wadogo, wengi wao pengine hawakujua kuandika, nami naiona kuwa ya heshima kuliko hila zote za akina Scaevola.

Sasa tuwatazame wale ambao hawakulipwa. Kaisari Caligula alipouawa mwezi wa Januari mwaka 41, maiti yake ilichukuliwa kwa siri hadi bustani za Lamia, ikachomwa nusunusu katika moto wa haraka, ikafunikwa kwa majani na udongo mwepesi. Mwandishi Suetonius anasema kuwa walinzi wa bustani walisumbuliwa na vivuli mpaka dada zake waliporudi kutoka uhamishoni, wakamfukua, wakamchoma barabara na kumzika, na katika nyumba alimouawa haukupita usiku bila kitisho mpaka nyumba yenyewe ilipoteketea kwa moto. Mtu aliyewatesa wengi kiasi kile angetazamiwa kurudi kwa ubaya wake. Hakurudi kwa ubaya wake. Alirudi kwa sababu kazi ya kumzika ilifanywa nusu. Itikadi hii ilikuwa na usawa wa kutisha ndani yake, kwamba haki ya mfu haikutegemea wema wake, kama vile deni la fedha halifutiki kwa mdai kuwa na tabia mbaya.

Kisa kinachopendwa zaidi ni kile ambacho Plinius Mdogo alimwandikia rafiki yake Licinius Sura, akimwuliza kwa dhati kama vivuli viko kweli au ni hofu yetu inayojichorea sura. Huko Athens ilikuwako nyumba kubwa, usiku ikisikilizana milio ya minyororo, kwanza mbali kisha karibu, mpaka akatokea mzee aliyekonda, ndevu ndefu, amefungwa mikono na miguu. Wapangaji walikosa usingizi, wakaugua, wakafa. Nyumba ikabandikwa tangazo la kukodishwa au kuuzwa, na hapana aliyeitaka. Akaja mwanafalsafa Athenodorus, akasoma tangazo, akasikia bei, akaitilia shaka kwa urahisi wake, akaulizia, akaambiwa yote, na kwa ajili hiyo hasa akaikodi. Usiku aliketi na taa, kalamu na vibao vyake, akaizamisha akili katika maandishi ili isijizulie vitu. Kivuli kikaja, kikasimama, kikamwita kwa kidole. Athenodorus alikiashiria kwa mkono kingoje kidogo, akaendelea kuandika! Kikamtikisia minyororo juu ya kichwa; ndipo alipoichukua taa akakifuata hadi uani, kikatoweka. Aliweka alama ya nyasi na majani mahali pale, na kesho yake akawaendea mahakimu waamuru pachimbwe, ikapatikana mifupa iliyosukwa na minyororo. Ikazikwa kwa gharama ya umma, na nyumba ikatulia. Waliokimbia nyumba ile walimwona mzee akitisha. Mwanafalsafa peke yake ndiye aliyetambua kuwa mzee anaomba, akamtendea kama karani amtendeavyo mtu mwenye shauri halali aliyefika saa mbaya.

Wako Warumi waliokana yote. Wafuasi wa Epikuro walifundisha kuwa roho hutawanyika pamoja na mwili, na baadhi yao waliandikisha juu ya makaburi yao kwa maneno mafupi kwamba hawakuwako, wakawako, hawako tena, na hawajali. Ila asiyejali alimlipa mchongaji.

Ada hizi hazikufa kwa hoja. Zilikufa, kwa kadiri zilivyokufa, kwa kuhamishwa. Katika miaka ya 380, mjane mmoja wa Kiafrika, Monika, kutoka Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa Milano pamoja na mwanawe Augustino, na kama alivyozoea kwao alikwenda kwenye makaburi ya wafia dini na kikapu chake cha uji, mkate na divai. Alikuwa na kikombe kimoja kidogo, divai yake imezimuliwa sana, akikichukua toka kaburi hadi kaburi na kunywa kidogo kidogo na waliokuwapo. Bawabu akamzuia: Askofu Ambrosi alikuwa amekataza, kwa ajili ya walevi, na kwa sababu mambo hayo yalifanana mno na Parentalia. Monika alitii mara moja, na kilichokuwa cha kikapu akawapa maskini. Mwaka 387, akiwa njiani kurudi Afrika, aliugua katika bandari ya Ostia, mwendo mfupi tu kutoka makaburi ya Isola Sacra yenye shingo za mitungi. Zamani alikuwa amejiwekea tayari kaburi kwao kando ya mumewe. Sasa aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote wala wasijisumbue nao, ila alidai jambo moja, kwamba popote watakapokuwa wamkumbuke mbele ya madhabahu ya Bwana. Akazikwa Ostia. Mwaka 1430 mifupa iliyoaminiwa kuwa yake ilihamishiwa Roma. Na mwaka 1945 vijana wawili, wakichimba shimo kwa ajili ya mchezo wao karibu na kanisa la Santa Aurea, walitoa udongoni kipande cha jiwe lililovunjika, chenye maneno ya kaburi lake.